Kopo Kwanza, Lebo Baadaye

Kopo la siagi ya karanga limekaa kwenye rafu ya duka moja Kariakoo. Kwa mbele halina neno: jina liko katikati, picha ya karanga imetoka vizuri, rangi ya udongo imetulia. Ligeuze kidogo. Ukingo wa lebo unaanza kupanda. Ligeuze hadi nyuma, utakuta ncha mbili za lebo zimekwea mpaka zinakaribia kifuniko, zimekutana kwa kilele, na maandishi ya viambato yameinama yote upande mmoja.

Wiki kadhaa sasa kopo hilo haliniachi. Nadhani ni kwa sababu kila kitu kingine kimefanywa kwa bidii. Karanga zimechambuliwa, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imetafutwa na kupatikana, bakodi, ile milia inayosomwa na mashine ya kaunta, imelipiwa. Kilichoharibu sura ni lebo iliyokatwa mstatili, kisha ikavishwa kopo ambalo juu ni pana kuliko chini.

Aliyeibandika hakukosea.

Lebo ile isingekaa sawa hata ingebandikwa na mashine.

Kwa nini inapanda

Kopo lililonyooka, ukilichuna ngozi na kuitandaza mezani, linakupa mstatili. Kopo linalobana kuelekea chini, kama kikombe cha mtindi, ndoo ya rangi au kopo la mafuta ya nazi, linakupa kipande cha duara: ukingo wa juu ni tao refu, wa chini ni tao fupi. Fundi cherehani anayekata sketi ya mwavuli analijua jambo hili bila kuandika hesabu yoyote. Kiuno ni tao fupi, pindo ni tao refu, na akikata kwa rula pindo haliwezi kulingana.

Kinachodanganya ni kwamba lebo ya mstatili haigomi. Inalala juu ya kopo bila kiputo wala mkunjo, na mkono unahisi kazi imekamilika. Ila lebo iliyonyooka inafuata njia iliyonyooka, na kwenye ubavu ulioinama njia hiyo huenda upande ulio mpana zaidi.

Tuweke vipimo. Kopo lina mzingo wa milimita 280 mahali ukingo wa juu wa lebo utakapokaa, milimita 240 mahali pa ukingo wa chini, na ubavu wa milimita 80 kati ya kingo hizo. Hilo si kopo la kubana sana. Ubavu wake umeinama kwa nyuzi 4 na nusu hivi, na mtu akilitazama juu juu anaweza kuapa kwamba limenyooka. Bandika lebo ya mstatili ukianzia katikati ya mbele: zikifika nyuma, ncha zake zimepanda karibu milimita 18. Anzia ncha moja na kuzungusha: ncha ya pili itafika ikiwa juu kwa zaidi ya milimita 60. Hapo lebo haizunguki tena kopo, inapanda nalo.

Mnunuzi hana haja ya kujua lolote kati ya haya. Jicho lake linalinganisha ukingo wa lebo na ukingo wa kifuniko, basi. Mistari hiyo miwili ikikaa karibu na kuachana kwa milimita 3 tu, ataiona, hata kama hawezi kusema ameona nini.

Na hapa kuna pingamizi ambalo wabunifu hulitoa, nalo lina haki ya kujibiwa. Kopo likiwa rafu ya chini unalitazama kutoka juu, kwa hiyo hata mstari uliozunguka sawasawa utaonekana umelegea katikati. Kwa nini basi kuhangaika? Kwa sababu kifuniko nacho kitaonekana kimelegea vilevile, na jicho litaridhika vikienda pamoja.

Vipimo vitatu

Kazi yote inasimama juu ya vipimo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachopatikana kwenye skrini.

Kwanza amua lebo itakaa wapi. Achia angalau milimita 3 kutoka kwenye mdomo wa kopo na kutoka kwenye matuta yaliyopo chini, yale yanayosaidia makopo yasigandane yakipangwa moja ndani ya jingine. Lebo ikipanda juu ya matuta hayo itainuka tu, hata gundi iwe kali kiasi gani. Chora alama mbili za kalamu kwenye kopo, moja ya ukingo wa juu na moja ya ukingo wa chini.

Kisha pima mzingo kwenye kila alama. Futi kamba ya fundi cherehani huvutika ikizeeka. Afadhali ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 5: uzungushe ukiwa umebana, upishanishe, choma sindano mahali unapopishana, ufungue, kisha pima kwa rula kati ya tundu na tundu.

Cha tatu ni urefu wa ubavu. Laza rula juu ya ubavu wenyewe, kutoka alama hadi alama. Usiisimamishe wima kutoka mezani, maana urefu wa wima ni mfupi kuliko ubavu.

Kopo liwe limejaa, na limefungwa. Makopo ya plastiki nyembamba hutanuka yakijazwa, na lebo haitavishwa kopo tupu.

Sasa hesabu. Nusu kipenyo cha tao kubwa ni urefu wa ubavu mara mzingo wa juu, gawanya kwa tofauti ya mizingo miwili. Kwa kopo letu: 80 × 280 ÷ 40 = 560. Tao dogo ni 560 toa 80, yaani 480. Pembe ni 57.3 mara tofauti ya mizingo, gawanya kwa ubavu: 57.3 × 40 ÷ 80 = 28.65.

Kwenye programu ya kuchorea kama Illustrator, CorelDRAW au Inkscape (hii ya mwisho ni ya bure), chora miduara miwili yenye kitovu kimoja, kipenyo milimita 1,120 na milimita 960. Kutoka kwenye kitovu piga mistari miwili iliyoachana nyuzi 28.65. Kipande kilichonaswa katikati ndicho umbo la lebo. Kama lebo inazunguka kopo zima na inapishana nyuma, ongeza milimita 5 za kupishana, ambazo kwenye tao hili ni kama nusu nyuzi. Ukingo wa mshono ufuate mstari unaotoka kwenye kitovu. Ukiukata wima, mshono utakaa mshazari kwenye kopo.

Kisha rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 2 au 3 kila upande, na maandishi yakae ndani kwa milimita 3.

Jambo moja dogo linalogharimu sana: upande mrefu wa lebo hukaa upande mpana wa kopo. Chupa za shampuu nyingi ni pana chini, kwa hiyo tao lao ni kinyume cha la kikombe cha mtindi. Mbunifu akitumia kiolezo cha kikombe kwenye chupa hiyo, lebo itapotoka zaidi kuliko kama angeacha mstatili.

Milimita moja inapozaa tatu

Hesabu hii ni nyepesi, lakini ina udhaifu unaopaswa kuheshimiwa. Unagawanya kwa tofauti ya mizingo, na tofauti hiyo ni namba ndogo. Kwenye kopo letu ni 40. Ukikosea kwa milimita 1 juu na milimita 1 chini, ukaandika 281 na 239, tofauti inakuwa 42, na nusu kipenyo kinashuka kutoka 560 hadi 535. Sentimita mbili na nusu zimepotea kwa sababu ya unene wa kalamu.

Je, itaonekana? Inategemea mkono unaobandika.

Ukianza katikati ya lebo na kulaza kuelekea pande zote mbili, kosa hilo linafika nyuma likiwa chini ya milimita 1. Ukianza ncha moja na kuzungusha hadi mwisho, linafika likiwa zaidi ya milimita 3, na mshono unapiga ngazi. Kosa hukua kwa mraba wa umbali: umbali mara mbili, kosa mara nne. Ndiyo maana lebo iliyochorwa vizuri inaweza kuonekana mbovu kwenye kaunta moja na safi kwenye nyingine. Kabla ya kumlaumu mchapaji, uliza mbandikaji anaanzia wapi.

Kwa sababu ya udhaifu huo, ni busara kuhakiki kwa njia ya pili. Vika kopo karatasi nyeupe, ibane kwa selotepu, chora kwa penseli kufuata alama zako mbili, kata, tandaza. Pima mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona ya ukingo wa juu, kisha pima tao limeinuka kiasi gani juu ya mstari huo katikati. Mraba wa urefu wa mstari, gawanya kwa mara nane ya mwinuko, jumlisha nusu ya mwinuko: hicho ni nusu kipenyo. Kopo letu litatoa mstari wa milimita 277 na mwinuko wa milimita 17.4, na jibu litarudi 560. Njia mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 20 au 30, pima upya kabla ya kuchora.

Nini kipinde, nini kisipinde

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, na huharibika kwa kuzidisha. Mbunifu anamaliza lebo ya mstatili, anaiteua yote, anaipitisha kwenye amri ya kupinda, anavuta kitelezi mpaka macho yaridhike. "Dada, kwenye skrini iko sawa." Kwenye kopo, nembo imevimba juu, herufi ndogo zimenenepa, na bakodi haisomeki.

Illustrator ina amri mbili zinazofanana kwa jina, Arc na Arch. Arc hufungua pande za mchoro kama kopo linavyotaka. Arch hupinda juu na chini tu na kuacha pande zikiwa wima, na kwa kopo haifai. Lakini hata Arc, asilimia yake si nyuzi zako. Weka umbo ulilolihesabu juu yake, na ulitii umbo hilo.

Afadhali zaidi ni kuutenganisha mchoro. Kingo, mistari, mikanda ya rangi na mapambo yanayojirudia lazima yafuate tao, kwa sababu ndiyo jicho linayoyalinganisha na kifuniko. Mistari ya maandishi iwekwe juu ya njia iliyopinda, kila mstari na nusu kipenyo chake: ulio katikati ya lebo yetu unakaa kwenye 520, ulio chini yake kwa milimita 10 unakaa kwenye 510. Herufi zenyewe zisipindwe. Herufi yenye upana wa milimita 10 kwenye tao la 520 inatofautiana na mstari ulionyooka kwa chini ya sehemu 3 za mia za milimita.

Nembo, picha na alama ya ubora zigeuzwe tu zielekee kitovu, bila kunyooshwa wala kuvimbishwa. Nembo yenye upana wa milimita 60 inaachana na tao kwa chini ya milimita 1 kwenye ncha zake. Hiyo ni bei ndogo ya kulipa ili duara libaki duara.

Bakodi haina msamaha

Mashine ya kaunta inasoma unene wa milia na nafasi kati yake. Ukiipinda bakodi, milia inaacha kuwa sambamba. Kwa hiyo haipindwi kamwe.

Bakodi ya bidhaa ya tarakimu 13, ambayo zile za GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za bakodi, huanza na 620, ina upana kamili wa milimita 37.29 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80. Nafasi nyeupe ni sehemu ya bakodi. Kwa ukubwa wa kawaida ni milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia, na mbunifu anayeweka fremu ya mapambo karibu na milia anaziua.

Kuna swali la mwelekeo pia. Milia ikisimama wima kwenye kopo, ile ya pembeni inazunguka na kukimbia macho ya skana. Kwa ukubwa kamili kopo linahitaji kipenyo cha milimita 60 au zaidi, na kwa asilimia 80 takriban milimita 48. Kopo jembamba kuliko hapo, ilaze bakodi ili milia ipangike kama ngazi kutoka chini kwenda juu. Binafsi ningeilaza hata kwenye kopo lenye nafasi. Ikae mbali na mshono.

Kopo lenye tumbo

Yote yaliyotangulia yanahusu ubavu ulionyooka kutoka juu hadi chini. Laza rula kwenye ubavu na umulike kwa tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukipita, au rula ikicheza, kopo lina tumbo au kiuno, na hakuna tao litakaloliponya. Karatasi inakubali kupinda upande mmoja kwa wakati mmoja. Ikilazimishwa pande mbili, inakunjana.

Dalili zake ni tofauti na za lebo inayopanda: vimikunjo vidogo kwenye kingo za juu na chini, vinavyorudi hata ukivisugua. Punguza kimo cha lebo mpaka ibaki sehemu iliyo karibu kunyooka, au tumia stika laini ya polithini inayovutika kidogo, au nenda kwenye plastiki ya kuvishwa na kubanwa kwa joto. Hiyo ya mwisho ina hesabu zake nyingine kabisa.

Shaka

Kwa siku nyingi swali lililonikera zaidi halikuwa la tao. Lilikuwa hili: mzalishaji mdogo anayetoa makopo mia mbili kwa mwezi kweli anahitaji haya yote?

Angalia karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450. Lebo ya mstatili ya 280 kwa 80, pamoja na rangi ya ziada, zinaingia tano. Lebo ya tao ya kopo hilohilo imeinuka katikati, inakula kimo cha karibu milimita 95 kabla ya rangi ya ziada, na hata ukizilaza moja ndani ya tao la nyingine zinaingia nne. Kukata pia hakufanyiki tena kwa gilotini, inayokata mistari iliyonyooka tu. Inahitajika ploti, mashine ya kukatia inayofuata mstari uliochorwa. Kwa mtu anayehesabu shilingi kwa kila kopo, hiyo ni tofauti ya kweli.

Jibu nililofikia ni kwamba anahitaji kulielewa tao, lakini si lazima alichapishe.

Maana kosa linalokua kwa mraba hupungua kwa mraba pia. Lebo ya mstatili yenye upana wa milimita 120, ya mbele tu, inapanda kama milimita 3 kwenye ncha zake. Ipunguze hadi milimita 60, inapanda milimita 0.8, na hakuna mteja atakayeiona. Lebo ya duara haina ukingo wa kulinganishwa na kifuniko, kwa hiyo inasamehe zaidi. Lebo mbili ndogo, moja mbele yenye jina na moja nyuma yenye viambato, uzito na tarehe, zinaweza kukaa sawa pale ambapo moja ndefu inashindwa. Na wakati mwingine uamuzi ulio bora unafanyika dukani kwa muuza vifungashio, kabla ya kumwona mbunifu: kuchagua kopo lililonyooka.

Ninachopinga ni lebo ndefu ya mstatili kwenye kopo linalobana, kwa matumaini kwamba haitaonekana.

Gundi, jasho la friji na printa

Mtindi unatoka kwenye friji, hewa ya Dar imejaa unyevu, na kopo linatoka jasho papo hapo. Karatasi ikilowa inavimba na ncha zinafunuka, hasa kwenye mshono. Kwa vitu vya baridi tumia stika ya plastiki, ibandike kopo likiwa kavu na la joto la kawaida, na ulipe siku nzima kabla ya kuliingiza kwenye ubaridi. Plastiki nyingi za makopo hazishikani na gundi kirahisi, na zikitoka kiwandani huweza kuwa na utando wa mafuta. Futa kwa spiriti, subiri ikauke, kisha bandika.

Kabla ya kuchapa mamia, chapa moja kwenye karatasi ya kawaida, kata kwa mkasi, vika kopo. Hakikisha printa haijaambiwa ipunguze kazi ili itoshe kwenye karatasi, maana asilimia 3 tu za kupunguzwa zinakula milimita 8 kwenye mzingo wa 280, na lebo haitakutana nyuma. Weka mstari wa milimita 100 pembeni mwa kazi na uupime kwa rula ukishatoka.

Faili la mchapaji liwe na umbo la kukatia kwenye tabaka lake, kwa rangi isiyotumika kwingine, na nje ya lebo yaandikwe yale yale yaliyopimwa: mzingo wa juu, mzingo wa chini, ubavu. Muuza vifungashio anaweza kubadilisha mtengenezaji bila kukuambia, na kopo jipya likaonekana lilelile machoni. Katoni mpya ikifunguliwa, toa kopo moja, lizungushie ukanda wa karatasi juu na chini, na ulinganishe na namba zilizo kwenye faili kabla ya kuagiza lebo nyingine.